Wakimbizi na Wakimbiaji: Habari za Njia za Mashambani kule Irlandi

Wazee husema: Njia ya siku zote haina alama. Mtu aendaye kisimani kila asubuhi hahitaji kibao cha kumwonyesha kisima. Miguu yake yaijua njia hata gizani. Siku watu wanapoanza kusimika vibao, ujue kwamba wapitao sasa ni wageni, au kwamba wenyeji wameanza kusahau.

Methali hiyo yatufaa leo, ndugu wasomaji, kwa maana twataka kuwasimulia habari za njia za mashambani kule Irlandi. Irlandi ni kisiwa cha Ulaya, upande wa magharibi wa Uingereza. Mvua hunyesha huko karibu majira yote, na kwa sababu hiyo majani hayakauki. Siku hizi watu wengi, wenyeji na wageni, hupenda kukimbia mbio katika nchi ile: si mbio za uwanjani tu, bali mbio za mashambani, kando ya maziwa, juu ya milima na ukingoni mwa bahari. Hufunga viatu vyepesi alfajiri, hupita kati ya kuta za mawe na makundi ya kondoo, kisha hurudi wakiusifu uzuri wa nchi. Kando ya njia nyingi zimesimikwa nguzo fupi, na juu ya nguzo pana picha ya mtu wa rangi ya manjano anayetembea. Mkimbiaji akimfuata yule mtu wa manjano hapotei.

Lakini kuna jambo ambalo mtu wa manjano hasemi. Hasemi nani aliyeifanya njia. Hilo ndilo tutakalolitafuta hapa. Tutazipita baadhi ya njia zile moja moja, na kila mara tutauliza: Ni miguu ya nani iliyokanyaga hapa kwanza, na kwa haja gani?

NJIA YA NG'OMBE WAWILI

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha ya asili ya Irlandi barabara huitwa bóthar, na neno hilo limetoka katika bó, maana yake ng'ombe. Wataalamu wa sheria wa kale walieleza upana wake hivi: bóthar yapasa iwatoshe ng'ombe wawili, mmoja amesimama kuelekea mbele na mwingine amesimama kukingama. Hawakupima kwa kamba. Walipima kwa mali waliyoipenda kuliko zote. Nayo njia nyembamba ya kwenda shambani yaitwa bóithrín, yaani njia ndogo ya ng'ombe. Hata leo mkimbiaji wa mashambani hukimbilia humo, kuta mbili za mawe kuume na kushoto, na ukanda wa majani katikati.

Watu wale walipenda mbio tangu kale. Hadithi zao zasimulia kundi la mashujaa lililoitwa Fianna. Kijana aliyetaka kuingia katika kundi hilo alisukwa nywele, akaingizwa msituni, na wenzake wakamfukuza wenye silaha. Akijeruhiwa, hakupokelewa. Tawi likifumua hata msuko mmoja wa nywele zake, hakupokelewa. Kijiti kikavu kikivunjika kwa sauti chini ya mguu wake, hakupokelewa. Tena ilimpasa achomoe mwiba mguuni pasipo kupunguza mwendo. Hiyo ni hadithi, wala hatusemi kwamba yote yalitukia. Lakini yatuonyesha neno moja: kwao mbio za kwanza zilikuwa mbio za mtu anayefukuzwa.

Hapo twapata fundisho katika lugha yetu wenyewe. Kukimbia ni neno moja lenye maana mbili. Mtoto hukimbia mchezoni, na mtu hukimbia vita au njaa. Wa kwanza ni mkimbiaji, wa pili ni mkimbizi. Tukiziangalia njia za Irlandi vema, tutaona kwamba katika nyingi wakimbizi walitangulia, na wakimbiaji wamekuja nyuma yao.

MTUMWA ALIYETOROKA

Mkimbizi mashuhuri kuliko wote wa nchi ile ni Mtakatifu Patrisi. Aliishi katika karne ya tano. Habari zake twazipata katika maandiko yake mwenyewe, yaitwayo Maungamo. Alikuwa kijana wa miaka karibu 16, mwenyeji wa Britania, alipokamatwa na wanyang'anyi na kupelekwa Irlandi utumwani. Alichunga mifugo miaka sita, katika mvua na baridi. Ndipo usiku mmoja alisikia sauti usingizini ikimwambia kwamba merikebu yake i tayari. Akatoroka, akaenda mwendo wa maili 200 hivi hata pwani, katika nchi ambamo hakujua mtu. Baada ya miaka mingi alirudi kwa hiari yake, akiwa askofu, kuwahubiria wale waliomfanya mtumwa.

Katika wilaya ya Mayo, upande wa magharibi, kuna mlima uitwao Croagh Patrick, wenye urefu wa metri 764. Mapokeo yasema kwamba Patrisi alifunga huko siku 40. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Julai, maelfu ya watu huupanda, na wengine huenda miguu mitupu juu ya mawe makali. Kileleni pana kanisa dogo lililojengwa mwaka 1905. Siku nyingine za mwaka wakimbiaji hupanda kwa mbio na kushuka kwa mbio, nao wanapofika juu huona bahari imetawanyikiwa na visiwa vidogo vingi. Miguu ya wengi imekwaruza na kuchimba mlima hata imebidi mafundi wapange mawe upya, ili mvua isiuchukue udongo wote.

Ipo pia njia ya mahujaji iendayo mlimani hapo kutoka abasia ya Ballintubber, mwendo wa kilometa 35 hivi. Abasia hiyo ilijengwa mwaka 1216 na mfalme wa Connacht. Mwaka 1653 askari wa Cromwell waliichoma paa lake, lakini watu hawakuacha kusali humo. Vizazi na vizazi walisikiliza Misa ndani ya kuta zisizo na paa, mvua ikiwanyeshea. Paa la kanisa lilirudishwa kabisa mwaka 1966, abasia ilipotimiza miaka 750.

Upande wa mashariki, katika milima ya Wicklow, iko Glendalough, maana yake bonde la maziwa mawili. Mtakatifu Kevin alijenga monasteri huko katika karne ya sita, na mnara wa mawe wenye urefu wa metri 30 hivi wasimama mpaka leo. Wazee wa huko walikuwa wakisema kwamba kwenda Glendalough mara saba ni sawa na kwenda Roma mara moja. Watu maskini waliokosa nauli ya Roma walijua kuhesabu. Leo njia ya kando ya maziwa yale ni mojawapo ya njia zipendwazo sana na wakimbiaji wa nchi nzima.

NJIA ZA MISA

Sasa twafika kwenye njia zilizo nyembamba kuliko zote. Tangu mwisho wa karne ya kumi na saba serikali ya Waingereza ilitunga sheria nyingi kali juu ya Wakatoliki wa Irlandi. Mwaka 1695 walikatazwa kufungua shule na kuwapeleka watoto ng'ambo kusoma. Sheria ya mwaka 1697 iliamuru maaskofu wote na mapadri wa mashirika watoke katika nchi. Aliyerudi aliweza kuhukumiwa kufa. Mwaka 1704 mapadri wa parokia waliandikishwa majina, na mwaka 1709 wakadaiwa kiapo ambacho wengi wao walikikataa.

Watu wakafanyaje? Walikwenda bondeni, au nyuma ya kilima, mahali penye jiwe pana. Jiwe lile likawa altare. Kijana mmoja aliwekwa juu kuangalia kama askari waja. Watu walifika kwa njia tofauti tofauti, wakipita katikati ya mashamba, juu ya kuta, na juu ya mawe ya kuvukia vijito. Hakuna aliyechora njia hizo, wala hakuna aliyesimika kibao, kwa maana kibao kingalimwonyesha askari njia. Hapo methali yetu ni kweli mara mbili: njia ile haikuwa na alama kwa sababu wenyeji waliijua, tena haikuwa na alama ili adui asiijue.

Ukali wa sheria hizo ulilegea polepole, na mwaka 1829, kwa juhudi ya Daniel O'Connell, Wakatoliki walipata ruhusa ya kuingia katika bunge la London na katika kazi nyingi za serikali. Makanisa yakajengwa hadharani. Lakini njia za Misa hazikuachwa mara moja, kwa maana zilikuwa za mkato. Mama alizipita na watoto wake Jumapili, viatu mkononi, akavivaa alipokaribia kanisa. Baadaye zilikuja baiskeli na motokaa. Njia nyingi zikafungwa na miiba. Hivi leo mahali pengine wanakijiji wamezisafisha tena, na asubuhi utawaona watu wakikimbia pale ambapo babu zao walinyata.

NJIA YA ASKARI

Mwaka 1798 Wairlandi wengi waliasi utawala wa Waingereza, nao wakashindwa. Baadhi ya waliosalia walikimbilia milima ya Wicklow, kusini ya Dublin. Milima ile haikuwa na barabara. Askari hawakuweza kupeleka magari wala mizinga, na mkuu mmoja wa waasi, Michael Dwyer, alijificha huko mpaka mwisho wa mwaka 1803. Kwa hiyo serikali iliamua kupasua barabara katikati ya milima. Kazi ilianza mwaka 1800 ikamalizika mwaka 1809. Kambi za askari zilijengwa kandokando yake, Glencree, Laragh, Glenmalure na Aghavannagh.

Ajabu yake ni hii: wakati barabara ilipomalizika, wale iliyotengenezwa kuwakamata walikuwa wamekwisha kupatikana au kutawanyika. Askari walikaa wakingoja vita visivyokuja, kisha wakaondoka. Barabara ikabaki. Leo yapita katika tambarare kubwa zenye udongo mweusi wa majimaji na vichaka vya maua ya zambarau, mahali pasipo nyumba, na wakimbiaji wa Dublin huipenda kwa ukimya wake. Kambi ya Glencree nayo, iliyojengwa kwa ajili ya bunduki, tangu mwaka 1974 imekuwa nyumba ya kupatanisha watu waliogombana. Mwenye kujenga hajui nyumba yake itaishiaje.

NJIA ZA NJAA

Ndugu wasomaji, hapa twaomba tutembee polepole.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi vya Ulaya. Majani yalipata madoa meusi, na viazi vikaoza ardhini, mara nyingine kwa siku chache tu. Maskini wa Irlandi walikuwa na vipande vidogo vya ardhi, na viazi vilikuwa karibu chakula chao chote. Ngano na ng'ombe walikuwapo katika nchi, lakini viliuzwa ili kulipa kodi ya ardhi kwa wenye mashamba makubwa, na merikebu zilivichukua kwenda ng'ambo. Hesabu ya mwaka 1841 ilikuta watu zaidi ya milioni 8. Ile ya mwaka 1851 ilikuta milioni 6 na nusu tu. Watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na kwa homa zilizoifuata, na wengine zaidi ya milioni moja walihama.

Serikali ilitaka kuwasaidia, lakini ilisema mtu asipewe chakula bure. Afanye kazi kwanza. Kazi iliyochaguliwa mara nyingi ilikuwa kutengeneza barabara. Katika baridi kali ya mwaka 1846 kuingia 1847, watu walipasua mawe kwa nyundo, wengine wasio na viatu, hata wanawake na watoto. Mwezi wa Machi 1847 hesabu yao ilipita 700,000. Malipo yalikuwa peni nane au kumi kwa siku, tena mara nyingi kwa kipimo cha kazi, na mwenye njaa hawezi kumaliza kipimo. Bei ya unga ilipanda kuliko mshahara. Wengine walianguka pale pale na nyundo mkononi. Na kwa kuwa ilikatazwa kazi hizo zimnufaishe mtu mmoja kuliko wengine, barabara nyingi hazikuwa na haja. Nyingine hupanda mlimani zikaishia hapo, hazifiki kijiji wala shamba.

Njia mojawapo ya siku zile yapita ukingoni mwa ghuba ya Killary, ndefu na nyembamba, iliyoingia nchini kati ya milima ya Galway na Mayo. Imeota majani laini, na mguu haupati maumivu ukikimbia juu yake. Mkimbiaji hupita kando ya kijiji kiitwacho Foher, ambacho hakina mtu. Kuta zasimama, paa hakuna. Akiinua macho mlimani jioni, jua likiwa chini, ataona mistari mistari chini ya majani. Hayo ni matuta ya viazi. Sisi tulimao tutafahamu bila kuelezwa: aliyefanya tuta alitumaini kuvuna. Hakuna aliyelima tena juu yake, na kwa sababu hiyo yaonekana mpaka leo.

Upande wa pili wa ghuba, katika wilaya ya Mayo, kuna bonde la Doolough. Ziwa jeusi liko katikati, milima imesimama pande zote mbili, na barabara moja yapita kando ya maji. Wapendao mbio na baiskeli husema ni mojawapo ya barabara nzuri kuliko zote za kisiwa kile. Mwezi wa Machi 1849, mamia ya watu wenye njaa walikusanyika katika mji mdogo wa Louisburgh ili wakaguliwe na wakubwa wa msaada. Pasipo kukaguliwa wangefutwa katika orodha ya chakula. Wakubwa walikuwa wameondoka kwenda nyumba ya mawindo iitwayo Delphi. Watu wakaambiwa wafike huko kesho yake asubuhi, ama sivyo watafutwa. Ni mwendo wa kilometa 19 hivi. Walikwenda usiku katika baridi, wakavuka mito iliyojaa. Walipofika hawakupewa kitu. Wakageuka kurudi, na wengi walikufa njiani, wake kwa waume, pamoja na watoto.

Katika bonde hilo umesimikwa msalaba wa jiwe, hauna mapambo. Maandishi yake yawakumbuka maskini wenye njaa waliopita hapo mwaka 1849, na pia wale wanaotembea na njaa katika dunia ya leo. Tangu mwaka 1988 watu hukutana kila mwaka kuitembea njia ile pamoja. Mwaka 1991 mmoja wao alikuwa Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika ya Kusini. Kibao cha mtu wa manjano ni kizuri, lakini msalaba ule wasema zaidi.

NJIA YA GARI LA MOSHI

Tumebakiza njia moja, nayo ndiyo inayokimbiwa na wengi kuliko hizi nyingine za Mayo. Inaanzia Westport ikaenda mpaka kisiwa cha Achill, kilometa 42. Ni tambarare, haina motokaa, na bahari huonekana muda mrefu upande wa kushoto, na ng'ambo yake Croagh Patrick. Katika mji wa Newport daraja la reli la matao saba bado lasimama. Ni daraja la reli, kwa maana njia hii ilikuwa reli.

Watu wa Achill walikuwa maskini, na kila mwaka vijana wao, wake kwa waume, walikwenda Uskoti kuvuna viazi kwa mshahara. Wenyeji husimulia kwamba katika karne ya kumi na saba mtu mmoja, Brian Rua, alitabiri magari yenye magurudumu ya chuma yatakayotoa moshi. Na ya kwanza na ya mwisho yatachukua maiti. Sisi hatuwalazimishi wasomaji kuuamini utabiri. Twasimulia tu yale yaliyotukia.

Tarehe 14 Juni 1894 vijana wa Achill walipanda mashua kwenda Westport, ambako meli ya Glasgow iliwangoja. Mashua ilijaa mno. Walipoiona meli, wengi walikimbilia upande mmoja ili waitazame, maana wengine hawakuwa wameona meli kubwa namna ile. Mashua ikapinduka, na watu 32 wakazama. Reli ya Achill ilikuwa bado haijafunguliwa kwa abiria. Gari la kwanza lililofika huko lilileta maiti zao.

Miaka 43 ikapita. Reli haikuleta faida, na kampuni ikaamua kuifunga. Mwezi wa Septemba 1937, huko Kirkintilloch katika Uskoti, moto ulishika kibanda walimolala wavunaji wa viazi kutoka Achill. Vijana kumi waliteketea, baadhi yao wangali watoto. Katika siku zile zile za mwisho za reli, gari la moshi liliwarudisha kwao. Wamezikwa katika kaburi moja huko Kildownet, mahali pale pale walipozikwa wenzao wa mwaka 1894. Kisha reli ikafungwa.

Vyuma viling'olewa, na majani yakafunika njia miaka zaidi ya 70. Mwaka 2010 na 2011 ilifunguliwa tena, safari hii kwa watembea kwa miguu, baiskeli na wakimbiaji. Leo vijana wa Achill na wageni wao hukimbia hapo wakicheka. Wengine wajua habari hii, wengine hawaijui.

WAKIMBIAJI

Je, ni vibaya kucheka na kushindana mahali pa namna hiyo? Sisi twaona sivyo. Njia isiyopitwa hufa. Katika Irlandi hakuna sheria impayo kila mtu ruhusa ya kupita katika shamba la mwenzake. Njia nyingi zabaki wazi kwa wema wa wakulima, na kwa adabu ya wapitao. Mkimbiaji akiliacha lango wazi kondoo wakatoka, au mbwa wake akawafukuza wana-kondoo, mkulima ana haki ya kuifunga njia. Kwa hiyo mwenye adabu hulifunga lango nyuma yake, huacha mbwa nyumbani, humsalimu mwenye shamba. Hivyo huwafungulia njia wale watakaokuja baada yake.

Wapo waliofanya kazi kubwa kuzirudisha. J. B. Malone alikuwa mwandishi wa gazeti, mpenda kutembea milimani. Mwaka 1966 alieleza gazetini kwamba yafaa kuwe na njia moja ndefu ya kupita milima ya Wicklow. Watu hawakuharakisha, ilimpasa angoje. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1980, na yote mwaka 1982, kilometa 130 hivi. Ndiyo njia ndefu ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yao yote.

Mashamba yale yamelea pia mabingwa. John Treacy, mwana wa kijiji cha Villierstown katika wilaya ya Waterford, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 1978 huko Glasgow, na mara ya pili mwaka 1979 nyumbani mwao, Limerick, katika mvua na tope, watu wa kwao wakimpigia kelele za furaha. Mwaka 1984 alipata medali ya fedha ya maratoni katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Aliyezoea tope la kwao haliogopi.

Na mbio hizo zimetufikia sisi Waafrika kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, alitoka Irlandi akafika Iten, katika nyanda za juu za Kenya, kufundisha jiografia katika shule yenye jina la mtakatifu yule yule. Hakuwa mwalimu wa mbio. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia katika njia za udongo mwekundu. Mmoja wa wale aliowafundisha baadaye, David Rudisha, alishinda mbio za metri 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, upesi kuliko mtu yeyote kabla yake. Basi mtumwa mchunga mifugo aliyetoroka kwa miguu katika karne ya tano amelipa jina lake shule ya wakimbiaji katika Afrika.

Tumalizie pale tulipoanzia. Njia ya siku zote haina alama. Lakini ina watu. Kila njia tuliyoipita ilikanyagwa kwanza na mtu aliyekuwa na haja: mtumwa, hujaji, padri mwenye kutafutwa, mwasi, mwenye njaa, kijana aendaye mbali kutafuta mshahara. Hawakuiona njia kuwa nzuri. Walikuwa na haraka au uchovu. Uzuri wake wameuona watoto wa watoto wao, na hilo ni jambo la kushukuru. Heri nchi ambayo mkimbizi amepata mjukuu mkimbiaji.

Nasi tuna njia zetu, nyingine za kale, nyingine zilizolimwa na babu zetu kwa jembe na kwa jasho, wala si kwa kupenda. Mzee aliyeshika jembe hilo, au aliyesikia habari zake kwa baba yake, huenda yuko hai bado katika parokia yako. Mwulize Jumapili hii, baada ya Misa, kabla hatujahitaji kibao.